Nairobi hadi New York: jinsi ya kukokotoa mwenyewe umbali na saa za safari ya ndege

Tiketi ya kutoka Nairobi kwenda New York inaweza kuonyesha kwamba unaondoka 23:30 na kufika 06:30. Ukihesabu harakaharaka unapata saa saba, ilhali safari yenyewe ni ya saa kumi na tano. Saa nane zinazokosekana hapo ndizo zinazowapeleka ndugu uwanjani siku isiyo ya mgeni wao, ndizo zinazomfanya mama mzee akose dozi yake ya dawa akiwa angani, na ndizo zinazomuuzia kijana tiketi ya bei nafuu inayomweka njiani siku nzima na zaidi bila yeye kujua. Kwa hiyo kila anayesafiri mbali, au anayemkatia mzazi tiketi, namsihi afanye hesabu hii mwenyewe kabla hajalipa. Unahitaji simu yenye kikokotoo, kalamu, karatasi na robo saa ya utulivu.

Nimechukua njia ya Nairobi na New York kwa sababu ni ndefu kiasi cha kuonyesha kila jambo: mviringo wa dunia, upepo, tofauti ya saa. Kenya Airways ilianza kuiruka bila kutua popote tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege aina ya Boeing 787-8. Ukishaielewa, utaiweza Dar es Salaam na Mumbai, Zanzibar na Muscat, au Entebbe na London.

Hatua ya 1: Jua uwanja, usiishie kwenye jina la mji

New York ina viwanja vitatu vikubwa: JFK, LaGuardia (LGA), na Newark (EWR) ulioko ng'ambo ya mto Hudson katika jimbo la New Jersey. London ina zaidi ya hapo. Hata Nairobi, ndege za kimataifa hutumia Jomo Kenyatta (NBO), wakati ndege nyingi ndogo za ndani huruka kutoka Wilson (WIL), upande mwingine wa jiji. Anayetua Wilson akitokea Lamu na ana ndege ya usiku NBO lazima aweke foleni ya magari kwenye hesabu yake.

Andika herufi tatu za uwanja wa kuondokea na za uwanja wa kufikia. Zetu ni rahisi kukumbuka: DAR, ZNZ, MBA, EBB, na JRO kwa Kilimanjaro. Herufi hizohizo ndizo zitakazokuwa kwenye karatasi inayofungwa begi lako. Mhudumu akishaifunga, isome kabla begi halijaondoka: ikiwa unakwenda JFK kwa kupitia mji mwingine na karatasi imeishia mji huo wa katikati, uliza hapohapo.

Hatua ya 2: Tafuta umbali

Ukichukua ramani ya ukutani na kuchora mstari ulionyooka kutoka Nairobi hadi New York, mstari unatoka Afrika kwenye pwani ya Mauritania. Ukiufuata mwelekeo huo bila kugeuza dira utasafiri karibu kilomita 12,190. Lakini dunia ni duara, na ramani bapa huivuta na kuipotosha. Chukua tufe, kama lile la darasa la jiografia, uweke uzi kwenye Nairobi, uukaze hadi New York. Uzi unapanda kaskazini zaidi: unapita Uganda, Sudan Kusini, kona ya Sudan, Chad, Niger, Algeria na Morocco. Katikati kabisa ya njia unaangukia karibu na Marrakesh. Njia hiyo ndiyo fupi kuliko zote, na inaokoa kilomita 350 hivi.

Kupima kwa tarakimu, tafuta latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili. Utazipata kwenye ramani ya simu kwa kubonyeza uwanja na kushikilia kidole. Kusini mwa Ikweta weka alama ya kutoa, na magharibi ya Greenwich pia weka alama ya kutoa.

Nairobi: −1.32 na 36.93
JFK: 40.64 na −73.78

Tofauti ya longitudo ni 36.93 kujumlisha 73.78, yaani 110.71. Sasa fungua kikokotoo cha simu, ulaze simu ili vitufe vya sin na cos vijitokeze, na uhakikishe kiko kwenye digrii. Hilo la digrii ndilo linaloharibu hesabu za wengi, basi lihakiki kwanza: sin ya 30 lazima ikupe 0.5. Kisha:

sin(−1.32) × sin(40.64) = −0.015
cos(−1.32) × cos(40.64) × cos(110.71) = −0.268
Jumla = −0.283

Bonyeza kitufe cha cos kinyume (huandikwa cos⁻¹) kwenye jumla hiyo. Unapata digrii 106.45 hivi. Kila digrii moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.2. Zidisha: kilomita 11,837. Kwa maili za barabarani ni 7,355, na kwa maili za baharini, ambazo marubani huzitumia, ni 6,391. Skrini iliyo mbele ya kiti chako inaweza kuonyesha kipimo chochote kati ya hivyo, kwa hiyo usishtuke namba zikitofautiana.

Asiyetaka kuhangaika na vitufe anaweza kuingiza NBO na JFK kwenye tovuti ya Great Circle Mapper na kupata jibu hilohilo pamoja na mchoro wa njia. Mimi bado napenda mtu aifanye kwa mkono angalau mara moja, hasa mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kuuliza kosini itamsaidia nini maishani.

Hatua ya 3: Geuza kilomita kuwa saa

Ndege kubwa za masafa marefu huenda kwa kasi inayokaribia kilomita 900 kwa saa zikiwa juu. Ukigawanya 11,837 kwa 900 unapata saa 13 na dakika kumi hivi. Ratiba lakini inasema saa 15 kwenda na karibu 14 kurudi. Nyongeza hiyo inatoka sehemu tatu.

Ya kwanza ni njia. Ndege haifuati uzi wa tufe hasa. Inafuata njia zilizopangwa, inakwepa mawingu ya radi, na inazunguka nchi ambazo anga lake limefungwa. Tangu vita vilipoanza Sudan mwezi Aprili 2023, ndege nyingi zinazopita kati ya Afrika Mashariki na kaskazini zimelazimika kuikwepa nchi hiyo. Ongeza asilimia nne kwenye umbali wako: 11,837 inakuwa kama 12,310.

Ya pili ni kupanda, kushuka na kutambaa uwanjani. Saa za kwenye tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho, na huisha inapofika kwenye maegesho ya uwanja mwingine. Ongeza nusu saa.

Ya tatu ni upepo, na hapa ningependa ukae kidogo, maana ndio unaoeleza kwa nini kwenda na kurudi havilingani. Juu ya maeneo yaliyo mbali na Ikweta, kwenye kimo cha kilomita tisa hadi kumi na mbili, unapita mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Unatokana na tofauti ya joto kati ya nchi za tropiki na ncha ya dunia, na mzunguko wa dunia unaupinda kuelekea mashariki. Wakati wa baridi ya kaskazini, Desemba hadi Februari, unaweza kuvuma kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ndege inayotoka Nairobi haikutani nao mapema. Hewa ya Ikweta ni tulivu kwa habari hiyo. Inakutana nao nusu ya pili ya safari, juu ya Atlantiki, na huko ni pepo za omo tupu, zinazoipinga kwa mbele. Kurudi, upepo huohuo unaisukuma kwa nyuma.

Kwa makisio ya nyumbani, tumia kasi hizi:

Kwenda magharibi juu ya Atlantiki: kilomita 850 kwa saa.
Kurudi mashariki: 940.
Safari za kaskazini na kusini, ambako upepo hausaidii wala haupingi sana: 870.

Kwenda: 12,310 gawanya kwa 850, ongeza nusu saa, unapata saa 15. Kurudi: 12,310 gawanya kwa 940, ongeza nusu saa, unapata saa 13 na dakika 35 hivi. Linganisha na ratiba uone tulivyokaribia.

Ijaribu kwingine, bila kusahau asilimia nne za njia na nusu saa ya uwanjani. Nairobi hadi Heathrow, London, ni kilomita 6,840. Kwa kasi ya 870 unapata saa 8 na dakika 40. Dar es Salaam hadi Dubai ni kilomita 3,980 kasoro kidogo. Unapata saa 5 na robo. Zanzibar hadi Muscat, kilomita 3,900, iko karibu hapohapo. Na kama unajiuliza abiria wa kawaida anaweza kukaa angani muda gani kwa mkupuo mmoja, Singapore hadi New York ni zaidi ya kilomita 15,300, na huchukua zaidi ya saa 18.

Wapo wanaouliza kwa nini ndege ndefu kutoka kwetu huondoka usiku. Sababu ni kadhaa, lakini moja ni ya kifizikia. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi zaidi na mabawa yanapata nguvu ndogo ya kuinua. Baridi ya usiku inairuhusu ndege kubeba mafuta mengi zaidi. Addis Ababa iko juu zaidi, mita 2,300 na ushei, na ndiyo maana ndege nyingi za Ethiopian za kwenda Marekani zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta wakati wa kwenda, ilhali kurudi baadhi yake zinakuja bila kutua. Hapo kuna funzo kwa mnunuzi: namba moja ya safari haimaanishi kwamba ndege haitui. Angalia sehemu ya vituo kwenye tiketi na uhakikishe imeandikwa sifuri kama ndicho unachokilipia.

Hatua ya 4: Geuza saa za tiketi kuwa saa za ukutani

Saa zote kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo: ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York. Usizitoe moja kwa nyingine kabla hujazileta kwenye kipimo kimoja, ambacho ni saa ya dunia, UTC.

Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, yaani Goma, Bukavu, Lubumbashi, ziko mbili mbele, Kinshasa moja. Oman na Falme za Kiarabu ziko nne. New York iko nyuma: saa tano wakati wa baridi, saa nne kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya nayo hubadilisha saa zake, lakini Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kuna majuma machache kila mwaka ambapo tofauti uliyoizoea haifanyi kazi.

Hesabu ya Januari: unaondoka Nairobi Jumanne 23:30. Toa tatu: 20:30 UTC. Ongeza saa 15 za safari: 11:30 UTC, Jumatano. Toa tano: unatua 06:30 Jumatano, saa za New York. Julai, kwa ratiba hiyohiyo ya kuondoka, unatoa nne badala ya tano, unafika 07:30. Kurudi Januari: unaondoka New York Jumamosi 12:30, ambayo ni 17:30 UTC, ongeza saa 14, 07:30 UTC ya Jumapili, ongeza tatu, Nairobi ni 10:30 asubuhi, Jumapili.

Sasa zigeuze ziwe saa zetu, kwa kutoa sita au kuongeza sita. 23:30 ni saa tano na nusu usiku. 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. 10:30 ni saa nne na nusu asubuhi. Ukimwambia bibi "ndege inaondoka kumi na moja na nusu" atajiandaa kwa jioni, au kwa alfajiri.

Jihadhari zaidi na ndege zinazoondoka baada ya 00:00. Tiketi ikisema tarehe 14 saa 00:45, uwanjani unatakiwa kufika usiku wa tarehe 13. Watu wamekosa ndege kwa hili, na tiketi haiwasikilizi. Katika ujumbe wowote wa familia andika hivi: "usiku wa tarehe 13 kuamkia 14, saa sita na dakika 45". Usiandike "usiku wa Jumamosi", kwa sababu kwa mtu wa pwani huo unaweza kuwa ule unaotangulia Jumamosi na kwa mwingine ule unaoifuata.

Kwa Januari kuna jambo la ajabu la kulijua mapema. Ukiondoka Nairobi saa tano na nusu usiku kuelekea magharibi, unakimbia pamoja na giza. Jua la New York mwezi huo huchomoza saa moja na dakika kama ishirini asubuhi, na wewe umeshatua kabla yake. Saa zote kumi na tano dirisha ni jeusi. Anayesubiri alfajiri ya Nairobi ili aswali au anywe dawa ya asubuhi hataiona. Anayefunga naye ajue kwamba akiruka mchana kwenda magharibi saumu inarefuka, na kwenda mashariki inafupika. Kwa dawa za kila siku, hesabu saa zilizopita tangu dozi iliyotangulia, usifuate saa ya ukutani ya mji wowote. Mwenye kisukari anayejidunga insulini azungumze na daktari wake kabla ya safari, akiwa na namba hizi mkononi, na dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Hatua ya 5: Kama unabadilisha ndege

Hapa ndipo umbali unapokusaidia kuchagua. Chukua msafiri wa Dar es Salaam. Mstari wa moja kwa moja hadi JFK ni kilomita 12,440. Kupitia Nairobi ni kama 12,500. Kwa maneno mengine Nairobi iko njiani kabisa. Kupitia Doha ni kilomita 3,820 kisha 10,770, jumla 14,590. Unazidisha zaidi ya kilomita 2,000, nazo zinakula saa mbili na kitu za angani.

Hilo halimaanishi Doha ni chaguo baya. Ukisubiri Nairobi kwa saa tisa na Doha kwa saa mbili, Doha inashinda. Jumlisha vipande vyote: ndege ya kwanza, kusubiri, ndege ya pili. Tovuti za tiketi huandika jumla hii kwa maandishi madogo chini ya bei, nami naamini ingestahili kuandikwa kwa ukubwa uleule wa bei. Tofauti ya dola chache kwa saa kumi za kukaa kwenye kiti cha chuma na mtoto mchanga haina faida.

Kusubiri chini ya saa moja na nusu kati ya ndege mbili za kimataifa ni hatari hata pale shirika linapokuuzia. Muhimu zaidi ni kwamba safari zote ziwe kwenye tiketi moja. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika litakutafutia nyingine. Ukiwa na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali, ndege ya pili ikikuacha hasara ni yako.

Na kwa wanaoendelea ndani ya Marekani, Minneapolis, Columbus, Dallas: kwa kawaida uhamiaji na forodha hufanywa kwenye uwanja wa kwanza unaoingilia nchi. Unapiga foleni ya pasipoti, unachukua mabegi yako mwenyewe, unapita forodha, unayakabidhi tena, kisha unapita ukaguzi wa usalama upya, hata kama karatasi ya begi imeandikwa mji wa mwisho. Wape wazazi wako saa tatu hapo, na nne kama hawajui Kiingereza. Kama anahitaji kiti cha magurudumu au mtu wa kumwongoza, kiombe wakati wa kukata tiketi.

Hatua ya 6: Mlango hadi mlango

Saa 15 za ndege si saa 15 za safari. Fika uwanjani saa tatu kabla. Weka saa moja na nusu au mbili za barabarani ukitokea mtaani, zaidi kama mvua inanyesha Nairobi jioni. Ukitua JFK, tenga saa moja hadi mbili za uhamiaji na mabegi, halafu safari ya kwenda mjini. Msafiri wa Nairobi anayeondoka nyumbani saa moja jioni ataweka begi chini Brooklyn au Bronx baada ya takriban saa ishirini na mbili. Wa Dar anayepitia Nairobi ataikaribia siku na robo.

Mpokeaji naye apewe taarifa kamili. Ujumbe wa kumtumia uwe na tarehe ya kufika kwa saa za kwake, jina la uwanja pamoja na herufi zake, jengo la abiria, na namba ya safari. Mfano: "Mama anatua JFK Jumatano tarehe 15, saa 06:30 asubuhi saa za huko. Atatoka nje kati ya 07:30 na 08:30. Jengo la abiria: ___. Namba ya safari: ___." Namba ya safari ndiyo muhimu kupita zote, kwa sababu akiiingiza kwenye mtandao siku hiyo ataona ndege iko wapi na makadirio mapya ya kutua. Upepo wa Atlantiki ukiwa dhaifu, ndege inaweza kuwahi kwa nusu saa.